Bawabu wa Mtandao na Daftari la Chama

Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Kibondo na Kasulu

KUSUDI LA SOMO

Somo hili linaeleza jinsi programu ya kudhibiti uingiaji katika mtandao wa kompyuta inavyofungwa katika seva iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee. Baada ya kulisoma na kulijadili, katibu aweze kuieleza Bodi ya chama chake mambo matatu: programu hiyo hufanya nini, yahitaji nini kabla haijafungwa, na ni kazi gani ambayo haitaifanya hata ikifungwa na fundi hodari. Jambo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa fedha nyingi zaweza kutumika kununua mashine, na mali ya wakulima ikabaki wazi kama ilivyokuwa.

1. MIZANI YA ZAMANI NA MLANGO WA SASA

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na malalamiko makubwa juu ya mizani ya wanunuzi. Waliona wanapunjwa. Walijiunga pamoja, wakaweka watu wao kando ya mizani ili kuangalia uzito unaosomwa na uzito unaoandikwa. Juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake, zilizaa vyama vya msingi vingi, na mwaka 1955 vikawa na shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima yule hakuhitaji kujua jinsi mizani inavyoundwa. Alihitaji kujua ni nani aliyeigusa na ni nani aliyeshika kalamu.

Haja hiyo haijabadilika, ila kalamu imehama. Kilo za kahawa zinazopimwa kituoni huandikwa katika stakabadhi, kisha huingizwa katika kompyuta. Humo huwekwa pia madeni ya pembejeo, hisa za wanachama, namba zao za kitambulisho cha Taifa na namba za simu ambazo malipo hupelekwa. Mtu akibadili tarakimu moja katika namba ya simu, malipo ya msimu mzima wa familia moja huenda kwa mtu mwingine, na stakabadhi ya mkulima haitaonyesha kosa lolote.

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulifika. Umeme unapotulia, kompyuta huongezeka. Na kompyuta zinapoongezeka huunganishwa kwa nyaya au kwa mawimbi ili zitumie hifadhi moja ya kumbukumbu. Hapo ndipo ofisi inapopata mlango mpya ambao hauna kitasa wala kufuli la kuonekana. Tundu la waya lililo ukutani karibu na benchi la wageni ni mlango. Mawimbi yanayovuka dirisha hadi barabarani ni mlango pia.

2. BAWABU HUFANYA NINI

Programu ya kudhibiti uingiaji ni bawabu anayesimama katika kila mlango wa namna hiyo. Kifaa chochote kinapounganishwa, bawabu huuliza maswali matatu: Ni nani huyu? Ametumia chombo gani? Aruhusiwe kufika wapi? Mpaka majibu yapatikane, mlango haufunguki.

Kazi hiyo hufanywa na vyombo vitatu kwa kushirikiana. Cha kwanza ni kifaa cha mtumiaji, yaani kompyuta au simu. Cha pili ni swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya za ofisi, au kisambaza mawimbi kwa wasiotumia waya. Cha tatu ni seva yenye programu. Swichi haina uamuzi wake. Hupokea jina na neno la siri, huvipeleka kwa seva, hungoja jibu, kisha hufungua au hukataa. Seva nayo hutazama orodha iliyo ndani yake na kujibu kwa mujibu wa orodha hiyo.

Mazungumzo kati ya swichi na seva hufuata kanuni iitwayo RADIUS. Kanuni hiyo ilibuniwa mwaka 1991 nchini Marekani na kampuni ya Livingston, kwa ajili ya mtandao wa Merit uliohudumia vyuo vikuu vya jimbo la Michigan, wakati watu walipokuwa wakiingia mtandaoni kwa kupiga simu. Mwaka 1999 ilianza kutengenezwa programu ya bure iitwayo FreeRADIUS, ambayo hutumika hadi leo duniani kote. Mwaka 2001 ukatolewa utaratibu wa kimataifa, 802.1X, unaoeleza jinsi tundu la swichi linavyokaa limefungwa hadi mwenye kuomba atambuliwe. Kwa hiyo jambo hili si geni, wala si la majaribio.

Katika somo hili mfano utakaotumika ni PacketFence, kwa sababu ni programu ya bure, yaweza kuchunguzwa na fundi yeyote, na ndani yake FreeRADIUS imekwisha kuwekwa. Ilikuzwa na kampuni ya Inverse ya Montreal, Kanada, iliyonunuliwa na Akamai mwaka 2021. Kuwa ya bure maana yake ni kutolipiwa leseni. Mashine, umeme na ujira wa fundi hubaki kuwa gharama ya chama.

Bawabu huyo hugawa mtandao katika vyumba. Waya ni uleule, lakini kifaa kilicho katika chumba kimoja hakioni vifaa vya chumba kingine. Chumba cha usajili ni cha wasiotambuliwa bado. Anayeingia humo huonyeshwa ukurasa mmoja tu unaomtaka ajitambulishe. Chumba cha karantini ni cha vifaa vilivyoonekana kuwa na hatari. Vyumba vya kazi ni vya waliotambuliwa, na vyaweza kuwa vingi: cha uhasibu, cha ghala na mizani, na cha wageni wanaohitaji intaneti pasipo kuziona kumbukumbu za chama.

3. KWA NINI SEVA ITENGWE

Seva ni kompyuta iwakayo mchana na usiku ili kuzihudumia nyingine. Aghalabu Bodi huuliza kwa nini programu hii isiwekwe katika kompyuta ya mhasibu ambayo tayari ipo. Zipo sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni uwezo. Programu ya aina hii ina kazi nyingi zinazokwenda kwa pamoja, pamoja na hifadhidata yake. PacketFence ya sasa huhitaji kumbukumbu ya kufanyia kazi ya gigabaiti 16, na yafaa seva iwe na diski mbili zinazoandikwa kitu kilekile ili moja ikiharibika nyingine iendelee. Kadi moja ya mtandao yatosha, lakini mbili ni bora. Kompyuta nyingi za mezani haziufikii uwezo huo.

Sababu ya pili ni usalama. Bawabu ndiye mwenye funguo zote. Mashine ambayo mtu husomea barua, huchomekea flashi za watu na kufungulia picha zilizotumwa, haifai kubeba funguo hizo. Kila programu ya ziada iliyomo ndani ya seva ni dirisha ambalo mtu aweza kulijaribu.

Sababu ya tatu ni saa za kazi. Mhasibu huzima kompyuta yake jioni. Bawabu akizimwa, wanaofika asubuhi watakuta milango imefungwa.

Umeme nao uhesabiwe mapema. Mashine inayotumia wati 100 kwa saa 24 hutumia uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa siku 30. Ongezwe betri ya akiba inayoweza kuibeba seva pamoja na swichi kwa dakika chache, ili umeme ukikatika mashine ijifunge kwa utaratibu. Seva inayozimika ghafla mara kwa mara huweza kuharibu hifadhidata yake, na orodha yote ya ruhusa ikapotea.

4. DAFTARI KABLA YA MASHINE

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii ndiyo kiini cha somo. Imekwisha kuelezwa kwamba seva hujibu kwa mujibu wa orodha iliyo ndani yake. Orodha hiyo haitoki kiwandani, wala fundi haijui. Hutoka chamani. Fundi atokaye Kigoma mjini hawezi kujua ni nani mwenye haki ya kuzifikia kumbukumbu za ghala. Akiachiwa aamue, atamwruhusu kila aliyemkuta ofisini siku hiyo, na ruhusa hizo zitadumu baada ya yeye kuondoka.

Kwa hiyo, kabla ya seva kununuliwa, katibu aandae daftari lenye sehemu nne, nalo lipitishwe na Bodi na kuandikwa katika kumbukumbu za kikao.

(a) Watu. Kila mtumishi na kiongozi anayehitaji kuingia katika mtandao aandikwe jina, cheo, kazi inayomlazimu kuingia, na tarehe ambayo ruhusa yake itapitiwa upya. Kibarua wa msimu aandikiwe tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza.

(b) Vyombo. Kila kompyuta, mashine ya kuchapia, mizani ya kielektroni na simu ya ofisi iandikwe, pamoja na namba ya kadi yake ya mtandao, ambayo ni namba ya tarakimu na herufi 12. Chombo kisicho na mwenyewe kisiingizwe.

(c) Vyumba. Iandikwe ni kazi ipi iko katika chumba kipi, na ni chumba kipi kiweze kuzungumza na kipi. Mpimaji apeleke uzito katika hifadhi ya kumbukumbu. Hana sababu ya kuifikia kompyuta ya malipo.

(d) Mamlaka. Iandikwe ni nani anayeagiza mtu aongezwe, ni nani anayeagiza aondolewe, na ni nani anayetekeleza. Anayeagiza na anayetekeleza wasiwe mtu mmoja. Hii ni kanuni ileile inayomtenganisha mwidhinishaji wa hundi na mlipaji.

Daftari hili lina faida nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imelifanya kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Lakini chama kisichoandika popote ni nani alikuwa na ruhusa, na mpaka wapi, kitapata taabu kuthibitisha kwamba fulani aliingia bila ruhusa. Karatasi iliyotiwa sahihi na Bodi yaweza kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko mashine yenyewe.

5. HATUA ZA KUFUNGA

Katibu hatarajiwi kuifanya kazi ya fundi. Atarajiwa kuzijua hatua, ili aweze kuuliza na kutia alama kila moja inapokamilika.

Hatua ya 1: Kuchagua wakati. Kazi hii isifanywe katika msimu wa ununuzi. Kosa dogo laweza kuwafungia nje watumishi wote, nao wakulima wakawa kituoni na magunia yao. Hata baada ya kufunga, vitabu vya stakabadhi za karatasi viwepo daima.

Hatua ya 2: Kuweka mfumo endeshi. PacketFence hukaa juu ya Linux ya Debian au ya Red Hat. Mashine ianze ikiwa tupu, bila mchezo, bila programu za ofisi, bila chochote kisichohitajika. Nakala itolewe kwa watengenezaji wenyewe, na alama yake ya uhakiki ilinganishwe na ile waliyoitangaza, ili kuwa na hakika kwamba haikuchezewa njiani.

Hatua ya 3: Anwani, jina na saa. Seva ipewe anwani isiyobadilika na jina la kudumu. Saa yake ifungamanishwe na saa sahihi ya mtandao. Jambo la saa huonekana dogo, lakini vyeti vya kidijiti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Seva yenye saa ya uongo yaweza kukataa vyeti vilivyo halali. Tena, mkaguzi hataweza kuutegemea ushahidi wenye tarehe zisizo za kweli.

Hatua ya 4: Kuweka programu. Fundi huipakua kutoka ghala la watengenezaji. Kwa kuwa ni kubwa, na mahali pengine intaneti ni ya taratibu, watengenezaji hutoa pia faili moja kamili linaloweka mfumo endeshi na programu kwa pamoja. Faili hilo laweza kupakuliwa mahali penye mtandao mzuri na kuletwa katika flashi.

Hatua ya 5: Kuiandaa. Programu ikishawekwa, fundi huifungua kwa kivinjari kutoka kompyuta nyingine, kupitia anwani ya seva na lango namba 1443. Kurasa humwongoza kueleza kadi za mtandao, hifadhidata na msimamizi. Maneno ya siri yanayoundwa hapa yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi, kisha yahifadhiwe ndani ya sefu ya chama. Fundi asiondoke akiwa mtu pekee anayeyajua. Akimaliza kazi, neno la siri alilolitumia libadilishwe mbele ya katibu.

Hatua ya 6: Kuunda vyumba na kuingiza daftari. Sasa ndipo majina yaliyopitishwa na Bodi huingizwa, kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Jina moja la pamoja kama «ofisi» au «uhasibu» likataliwe, kwa kuwa linafuta jibu la swali la kwanza la bawabu.

Hatua ya 7: Kuunganisha swichi na visambaza mawimbi. Kila kimoja huandikwa ndani ya seva na kupewa siri ya pamoja, ili seva isidanganywe na kisanduku cha kigeni. Hapa yafaa kujua kwamba swichi za bei ya chini haziwezi kupokea amri za seva. Zikiwa ndizo zilizopo, seva huweza kuwekwa katikati ya njia, mawasiliano yote yapitie ndani yake. Utaratibu huo ni rahisi kuuanza, lakini seva ikisimama, mawasiliano yanayopita humo husimama.

Hatua ya 8: Kujaribu. Tundu moja la swichi na kompyuta moja vijaribiwe kwanza. Kisha yafanywe majaribio manne mbele ya mjumbe wa Bodi: mtumishi halali aingie, mtumishi halali mwenye neno la siri lisilo sahihi akataliwe, kompyuta ya kigeni iishie chumba cha usajili, na jina lililoondolewa katika daftari likataliwe. Jaribio la tano ni kuizima seva kwa makusudi na kuona yanayotokea. Baadhi ya swichi huweza kuagizwa mapema zifanye nini seva isipojibu. Uamuzi wa kufungua au kufunga wakati huo ni wa Bodi, kwa maana mmoja unahatarisha kumbukumbu na mwingine unasimamisha kazi.

Hatua ya 9: Nakala ya akiba. Nakala ya mipangilio na hifadhidata ichukuliwe mara kwa mara na itunzwe nje ya seva, na ikiwezekana nje ya jengo. Mara moja kwa mwaka nakala hiyo ijaribiwe kurudishwa katika mashine nyingine. Nakala isiyowahi kujaribiwa haijulikani kama ni nakala.

6. MAMBO ASIYOYAWEZA BAWABU

Bawabu humtambua mtu mlangoni. Hajui anachokiandika akishaingia. Karani mwenye ruhusa akiandika kilo 48 mahali pa kilo 84, programu hii haitasema neno. Dawa ya kosa hilo ni stakabadhi mkononi mwa mkulima, usuluhishi wa vitabu kila wiki, na orodha ya uzito kubandikwa ubaoni ili kila mwanachama ajisomee.

Bawabu hamjui aliyeacha kazi mpaka aambiwe. Mtumishi akiondoka Ijumaa na jina lake likabaki ndani hadi msimu ujao, mlango uko wazi kwake kwa kadiri ya muda huo. Kwa hiyo barua ya kuachishwa au kuhamishwa isikamilike mpaka itiwe alama kwamba ruhusa ya mtandao imefutwa.

Bawabu hadanganyiki kwa urahisi, lakini namba za kadi za mtandao si hirizi. Mtu aweza kuigiza namba ya chombo kingine. Zaidi ya hayo, tangu miaka ya 2019 na 2020 simu za Android na iPhone zimekuwa na desturi ya kujipa namba ya kubuni zinapoingia katika mtandao wa mawimbi, ili mwenye simu asifuatiliwe. Chama kinachotambua simu kwa namba ya kadi peke yake kitajikuta kikiikataa simu iliyo halali. Watu watambuliwe kwa majina yao na maneno ya siri, au kwa vyeti; namba ya kadi iwe ya mashine kama za kuchapia, ambazo hazina mtu wa kujibu kwa niaba yao.

Mwisho, bawabu huandika. Huandika nani aliingia, lini, kwa chombo gani. Maandishi hayo ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo awe na sababu halali, azilinde, na asizitumie kwa jambo jingine. Watumishi waelezwe kwamba maandishi hayo yapo, yanawekwa kwa muda gani, na nani huyasoma. Yasigeuzwe kuwa njia ya kumwandama mtumishi asiyependwa.

7. CHAMA KIDOGO KIFANYE NINI

Chama cha msingi chenye kompyuta moja ya mkononi na modemu ya simu hakihitaji seva ya namna hii. Kuinunua kungekuwa kutumia fedha za wakulima kwa kivuli. Seva yafaa ofisi yenye kompyuta kadhaa na wageni wengi, mfano ofisi ya chama kikuu, kiwanda cha kukoboa kahawa, au ofisi ya pamoja ambayo vyama vya msingi vimekubaliana kuigharimia.

Lakini daftari la sehemu nne ni la kila chama, hata kilicho kidogo kabisa. Chama chenye kisambaza mawimbi kimoja kifanye mambo haya: neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, wageni wawe na mtandao wao tofauti, kama kifaa kinaruhusu, neno la siri libadilishwe kila mtumishi anapoondoka, kila anayetumia kompyuta awe na jina lake, na kompyuta ya malipo isiazimwe kwa kazi nyingine. Hayo hayahitaji mashine mpya.

8. WAJIBU WA KILA MMOJA

Katibu hutunza daftari na kulipitia kila baada ya miezi mitatu. Bodi hulipitisha, na hujibu kwa makosa yake. Fundi hutekeleza, na huacha maandishi ya kila alichokifanya. Mkaguzi, awe wa ndani au wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, aonyeshwe daftari na orodha iliyo ndani ya seva vikiwa pamoja. Majina yakitofautiana, sababu itafutwe siku hiyohiyo.

Wanachama nao wana wajibu. Katika Mkutano Mkuu, gharama ya seva inapoletwa, wasitishwe na maneno ya kifundi. Waulize tu: ni nani walioandikwa kuingia, ni nani aliyewaidhinisha, na aliyeondoka mwaka jana amefutwa lini? Uongozi ukiyajibu maswali hayo kwa kufungua daftari, mashine itakuwa na kazi ya kufanya. Ukishindwa kuyajibu, fedha zisitolewe mpaka daftari liwepo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika ofisi ya chama chenu, ni matundu mangapi ya waya na visambaza mawimbi vingapi vilivyopo? Ni vipi kati ya hivyo mgeni aweza kuvifikia bila kuonekana?

2. Ni watu wangapi wanaolijua neno la siri la kompyuta ya malipo? Ni wangapi kati yao wanalihitaji kwa kazi yao?

3. Seva ikisimama siku ya ununuzi, Bodi ichague lipi: kufungua mtandao bila ukaguzi, au kuendelea kwa karatasi? Toeni sababu.

4. Mtumishi wa mwisho aliyeondoka chamani alifutiwa ruhusa na nani, na tarehe gani? Maandishi yako wapi?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya kikao kijacho cha Bodi, katibu achore mistari katika daftari jipya kwa sehemu nne zilizoelezwa, aandike watu na vyombo vilivyopo leo, na kulileta mezani ili lijadiliwe na kutiwa sahihi.